Sofi, Koleo na Waya

Sofi haikuwa shanga nzuri. Ilikuwa kipande cha bomba la kioo, urefu wake kama sentimita moja na nusu hivi, nyeupe, nyeusi au nyekundu ya tofali, na mtu mwenye jicho la mapambo asingeitazama mara ya pili. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Ujiji, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika ambao leo umo Kigoma, Februari 1858, aliona inafanana na vipande vya mti wa kiko uliovunjika. Mwingereza mwenzake Verney Lovett Cameron, aliyefika 1874, hakupata mfano ulio bora zaidi. Katika njia nzima ya misafara kulikuwa na shanga zilizoipita mbali kwa uzuri, hasa samesame nyekundu, ambazo Burton aliambiwa kuwa jina lake jingine ni kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyozitamani mpaka nyumba zikayumba. Ujiji uliletewa kivunja mji kama miji mingine. Ukachagua sofi, ukaifanya fedha ya soko lake, nayo ikanunua samaki, mawese, chumvi na mbuzi.

Naanzia hapo kwa sababu wabunifu wengi wa vito siku hizi wanajaribu kutengeneza pambo linalosimulia mji: asili yake, misukosuko yake, tabia yake inayobadilika. Kazi nyingi za namna hiyo zinapita njia moja. Kitu maarufu cha mji kinachorwa, kinapunguzwa mpaka kienee kwenye sikio au shingo, basi. Shuleni tulizoezwa kuitenga fani na maudhui, kila moja na kichwa chake cha habari, na nadhani mazoea hayo ndiyo yanayotufanya turidhike na kidani chenye picha ya mji: tunaona maudhui, tunampa mbunifu alama zake. Sofi haikuachii nafasi hiyo. Haina picha, haina neno, haina nembo. Yote inayosema kuhusu Ujiji yamo katika urefu wake, tundu lake na uzi wake, na ukiisoma kwa makini utaona inasema mengi kuliko kidani chochote cha ramani.

Chukua kwanza urefu. Shanga ndogo za mviringo zikitungwa hupoteza nafsi zake. Jicho linaona rangi na mstari, halioni chembe. Ndiyo maana huko bara zilipimwa kwa mkono: uzi wa urefu fulani ni khete moja, khete kumi ni fundo moja, na mwenye mkono mrefu ana faida au hasara kutegemea yuko upande gani wa biashara. Bomba refu la kioo halikubali kumezwa hivyo. Ukilitunga, kila kipande kinasimama peke yake, na mahali viwili vinapokutana uzi unakunja pembe. Shingoni linakaa vibaya, kwa kuwa haliwezi kuufuata mwili. Mkononi linakaa vizuri mno, kwa kuwa kidole kinaweza kupita juu yake na kuhesabu bila msaada wa jicho. Burton anatoa hesabu ya khete moja ya sofi kuwa chembe 55 hadi 60. Wasafiri waliomfuata waliikuta ikiuzwa kwa nyuzi fupi za chembe 20. Sidhani kama kuna namna nyepesi zaidi ya kuona mji ukijiunda: watu wanaacha kupima kwa kiungo cha mwili na kuanza kuhesabu, na shanga inayoteuliwa ni ile iliyoharibika kwa upande wa urembo ili ifae kwa upande wa hesabu.

Kisha tundu. Kioo hicho kilivutwa katika viwanda vya Venice, kikasafiri mpaka Zanzibar, kikapanda mabegani mwa wapagazi kwa miezi. Kule kote kilikuwa bidhaa tu. Kilipata uhai mpya ndani ya soko moja kando ya ziwa. Cameron anaeleza kuwa soko lilipoanza, watu waliobeba mikoba iliyojaa sofi waliwagawia wanunuzi kwa kubadilishana na shanga za aina nyingine. Soko lilipofungwa, watu hao hao walizipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakipata faida pande zote mbili. Hao ndio wabadili fedha wa kwanza wa Kigoma tunaowajua kwa maandishi, na ada yao walijua kuikata asubuhi na jioni.

Mtazame sasa mkulima aliyeshuka kutoka nyanda za juu, tuseme upande wa Heru ambako leo ni Kasulu, au mbali zaidi upande wa Muhambwe, ambako leo ni Kibondo. Ameshuka na mbuzi au nafaka. Langoni mwa soko hana kitu mpaka awe na sofi. Akitoka sokoni, sofi haimfai tena. Kwake yeye, mji ni kitu unachokivaa ukiingia na kukivua ukitoka. Sijui pambo lolote la kibunifu la siku hizi lililofanikiwa kusema jambo hilo kwa ufupi namna hiyo, na hili halikuwa na mbunifu. Pia linanisaidia kuelewa kwa nini historia ya Ujiji ikisimuliwa kutoka ziwani huwa ya misafara, majahazi na wageni, lakini ikisimuliwa kutoka milimani huwa ya makato.

Lazima nikiri hapa kwamba macho tunayotumia si yetu. Burton alikuwa mgonjwa, mwenye hasira, na aliwadharau Wajiji kwa maneno ambayo sina haja ya kuyarudia. Lakini alikuwa na tabia moja inayomfaa mhakiki: alipochukia kitu alikitazama kwa muda mrefu. Ndiyo maana tuna habari za koleo.

Watu wa Ujiji na jirani zao walivuta tumbaku kwa pua, si kavu bali iliyolowekwa. Maji ya tumbaku yanaingizwa puani, na ili yasitoke upesi, pua inabanwa, kwa vidole au kwa kikoleo kidogo cha chuma au kijiti kilichopasuliwa. Kikoleo hicho kilining'inizwa shingoni. Burton alicheka sauti za watu wanaozungumza pua ikiwa imebanwa. Mimi navutiwa na kikoleo chenyewe. Kikiwa kifuani ni kidani: chuma chembamba, miguu miwili inayoelekea chini, kinyume cha mantiki ya vidani vingi ambavyo huishia kwenye kitu kimoja kizito. Hakikuhitaji nakshi, maana uzuri wake wote umo katika mvutano kati ya miguu ile miwili. Ikiwa mbali mno, haibani. Ikiwa karibu mno, inaumiza. Mhunzi aliyeipata nafasi hiyo sawasawa alikuwa amemaliza kazi yake, kila kilichozidi hapo kingekuwa mapambo juu ya pambo.

Kikipanda puani, pambo lile linabadilisha mwili. Sauti inageuka. Mazungumzo yanasimama au yanaendelea kwa kigugumizi, biashara inangoja. Vito vingi vinatangaza cheo au mali. Hiki kinatangaza mapumziko. Katika mji ambao kila mtu aliyeuandika aliandika harakati zake, bei zake na wingi wa watu wake, hiki ndicho kitu pekee ninachokijua kilichobeba upande wa pili, saa ile mtu anapokaa chini na hataki kusemeshwa. Mbunifu wa leo angekiita kazi ya dhana na kukiwekea maelezo ya ukurasa mzima ukutani. Mwenyewe alikivaa akaenda kuuza samaki.

Nipite haraka kwenye mwezi mwandamo wa jino la kiboko, uliochongwa bapa na kung'arishwa, ambao wasafiri waliusifu. Ulikuwa mzuri, mweupe juu ya ngozi nyeusi, na uzuri wake unaonekana mara moja ukaisha mara moja. Ni pambo la watu wa ziwani wenye viboko. Hauniambii jambo ambalo ziwa lenyewe halikuniambia.

Waya ni habari nyingine. Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari na msafiri, alipokuwa akinunua mizigo Zanzibar mwaka 1871, alifunga shanga za aina 11 katika magunia 22, akaongeza paundi 350 za waya wa shaba wenye unene wa waya wa simu. Aliyemfundisha biashara hiyo alimweleza ngazi ya thamani: shanga husimama mahali pa sarafu za shaba, nguo mahali pa fedha, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya huhesabiwa kama dhahabu. Ukiitazama ngazi hiyo kwa jicho la sonara inachekesha, kwa kuwa shanga, iliyokwisha kutengenezwa, ndiyo ya chini, na waya, ambao bado si kitu, ndio wa juu. Kilicholipiwa ni uwezo wa kugeuka. Waya ungeweza kuwa kikuku, ungeweza kuwa kitindi, yaani bangili ndefu ya mizunguko mingi iliyofunika mkono, ungeweza kukunjuliwa tena na kuuzwa kwa urefu.

Kitindi kinastahili kusomwa polepole. Ni waya mmoja usiokatwa, unaojizungusha mara 16, mara 20, kila duara likilala juu ya lililotangulia. Hakina kifungo. Kinakaa kwa sababu kinaubana mwili, na mwili unakubali. Kila duara ni sawa na jirani yake, hakuna kilele wala mwisho unaovutia jicho. Unaweza kukatisha popote na fani isiharibike, itapungua tu. Hiyo ni fani ya akiba. Mwanamke aliyekivaa alivaa urefu, na urefu huo ulijulikana na kila aliyempita njiani. Kwa upande mwingine kulikuwa na sambo, duara nyembamba za waya mwembamba uliosokotwa juu ya nyuzi za mti au singa za mkia wa mnyama, zikivaliwa nyingi kwa pamoja juu ya kifundo cha mguu. Kitindi kimoja kina uzito. Sambo zina mwendo, maana kila hatua inazisogeza. Kimoja kinahesabika ukimsimamisha mtu, nyingine zinasikika akiwa anakwenda.

Mwaka 1973 mbunifu wa vito Mholanzi, Gijs Bakker, alifunga waya wa dhahabu kwa nguvu mkononi, akauondoa, na kutangaza kuwa alama iliyobaki katika ngozi ndiyo pambo. Aliliita pambo la kivuli. Wahakiki wa Ulaya waliona ni hatua kubwa, na kwa haki, kwa sababu kule pambo lilikuwa limekaa muda mrefu mikononi mwa kito chenye bei. Lakini bibi yeyote wa Buha, nchi ya Waha katika nyanda za juu za Kigoma, aliyevaa shaba kwa miaka mingi angeweza kuonyesha kitu hicho hicho mguuni, pasipo kupiga picha. Tofauti iko katika muda. Alama ya Bakker hufutika baada ya dakika kadhaa, nayo imekusudiwa ifutike; alama ya waya wa kuvaliwa kila siku ni maandishi ya miaka, na hakuna aliyekusudia kuyaandika. Nampa Bakker heshima ya kulitambua jambo, simpi heshima ya kulianzisha.

Ukitaka kuona fani ya kitindi ikiwa hai leo nyanda za juu, usiende kwa sonara, nenda kwa wasusi. Vikapu vya Buha, kama vya Burundi na Rwanda, vinasukwa kwa kuzungusha: kamba moja ya nyasi inajizungusha juu ya nafsi yake na kushonwa duara kwa duara. WomenCraft, kampuni ya Ngara iliyoanza 2007, imefanya kazi na wasusi wa pande za mpakani, wakiwemo wakimbizi kutoka Burundi chini ya mpango wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, unaoitwa MADE51. Fani ni ile ile ya waya, ila kikapu kina mahali pa kuanzia, kitovu, na kila duara linalofuata ni kubwa au dogo kuliko la nyuma. Kitindi kinajirudia, kikapu kinakua. Nadhani ndiyo sababu kikapu kimeishi na kitindi kimekufa, maana kikapu hakikuwahi kuhitaji soko la Zanzibar kukiletea mwili.

Novemba 1871 Stanley alikata kusini mwa Buha akielekea Ujiji, na huko alikutana na watoza hongo mmoja baada ya mwingine, nguo na shanga zikatoka marobota kwa marobota, mpaka akaajiri kiongozi wa njia na kutoroka usiku kupitia msituni. Katika kitabu chake ni kisa cha uporaji. Kwa msomaji wa Kasulu ni kisa cha mlango na ada ya mlango, na pia ni maelezo ya jinsi mapambo yalivyopanda mlimani. Mengi hayakununuliwa. Yalilipwa kwa kupita. Shanga iliyofika kwa namna hiyo imebeba shingoni habari tofauti kabisa na ile iliyonunuliwa kwa mbuzi, ingawa zote mbili zimetoka gunia moja. Hapa fani inanyamaza na mhakiki lazima akubali kuwa imenyamaza.

Sofi iliondoka pamoja na mji ulioiteua. Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi Ujiji mwaka 1896. Reli ya kati ilipofika ziwani 1914 haikufika Ujiji bali Kigoma, penye kina cha maji, na kitovu kikahama kilomita chache tu, lakini kikahama. Kodi ilitakiwa kwa sarafu. Ila kuna jambo moja la umbo ambalo sijawahi kuona likitajwa. Heller 10 ya Kijerumani iliyotolewa kuanzia 1908 ilikuwa na tundu katikati. Senti za Waingereza zilizofuata, ya 1, ya 5 na ya 10, zilikuwa na tundu katikati. Serikali zilizokuja kuzima shanga zilijikuta zikitengeneza shanga, bapa badala ya ndefu, zenye maandishi kuzunguka tundu. Fedha bado ilitungika kwenye uzi. Ni sarafu za Tanzania huru za mwaka 1966 ndizo zilizoziba tundu, zikaweka mnyama au mwenge upande mmoja na sura ya Rais upande wa pili. Tangu hapo fedha yetu haivaliki.

Kasulu na Kibondo kama miji zilianza baada ya sofi, na zilianza bila pambo. Falme za Waha, ya Heru alikotawala Mwami Theresa Ntare, ya Muhambwe, ya Buyungu na nyinginezo, zilifutwa pamoja na uchifu wote nchini mwaka 1963. Kabla ya hapo Buha ilikuwa imegeuzwa ghala la nguvukazi. SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa 1944, ilichukua vijana wa Kiha na kuwapeleka Tanga na Morogoro, na waliorudi walirudi na baiskeli, nguo na majina ya mbali. Kisha vijiji vya ujamaa, ambavyo Kigoma iliviona mapema kuliko mikoa mingi. Kisha kambi za wakimbizi.

Kambi ndizo zilizoifanya miji hii miwili ionekane duniani, na ndizo zilizoipa, kwa maoni yangu, pambo lake la kwanza la kweli. Mwaka 1993 Warundi waliingia kwa maelfu baada ya kuuawa kwa Rais wao, Ndadaye. Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtabila, kambi ya Warundi huko Kasulu, ilifungwa mwishoni mwa 2012, wimbi jipya likaja 2015, Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya Oktoba mwaka huo, Mtendeli ya Kakonko Januari 2016, na Mtendeli ikafungwa tena 2021. Katika usajili wa wakimbizi, sehemu nyingi duniani, mtu hufungwa bangili ya karatasi ngumu au ya plastiki yenye namba, ili asihesabiwe mara mbili.

Isome bangili hiyo kama tulivyoisoma sofi. Ni utepe bapa. Ina upande mmoja tu wa kutazamwa. Ina kifungo, na kifungo chake kinafunga bila kufungua: ukitaka kuivua lazima uikate, na ukishaikata imekwisha kazi, hakuna atakayeipokea. Ni nyepesi kiasi kwamba mvaaji huisahau, na hiyo nayo ni sehemu ya fani yake, maana pambo zito hukumbusha na hili limeundwa lisikumbushe. Sofi ilimwezesha mvaaji kuhesabu vitu. Bangili hii inamwezesha mwenye daftari kumhesabu mvaaji. Mkono ni ule ule, kitendo cha kuhesabu ni kile kile, ila mhesabuji na mhesabiwa wamebadilishana nafasi, na mabadiliko hayo yote yamo katika kifungo kimoja cha plastiki. Mswisi Otto Künzli mwaka 1980 alificha kidonge cha dhahabu ndani ya bangili nyeusi ya mpira na kuipa kazi hiyo jina la Dhahabu Hupofusha. Mvaaji alitakiwa kuamini kuwa dhahabu imo. Bangili ya usajili inafanana na kazi ya Künzli kwa ukatili wa namna yake: thamani yake, mgao wa unga na maharage, haionekani popote juu yake, na ukiikata kuitafuta huipati.

Sisemi kwamba mtu aitengeneze bangili ya kambi kwa fedha na kuiuza hotelini. Hilo lingekuwa fedheha, na pia uhakiki mbaya, maana ukishaitengeneza kwa madini yenye bei umefuta jambo lililoifanya isomeke. Nasema tu kwamba mbunifu anayetaka kuivalisha Kibondo shingoni amekwisha kutanguliwa, na waliomtangulia walikuwa makarani.

Kwenye meza za vitu vya ukumbusho, Kigoma kama kwingineko, utakuta kidani cha ramani ya Afrika kilichokatwa kwa mbao au pembe, twiga, sokwe, labda mwembe wa Ujiji ambako Stanley alimkuta msafiri Livingstone. Sina ugomvi na muuzaji. Watoto wanasoma kwa fedha hiyo. Lakini ramani ya Afrika haiihusu Kasulu zaidi ya inavyoihusu Dakar. Na hata ungeichonga ramani ya Kasulu yenyewe, au milima yake, au barabara mpya ya lami inayotoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, bado ungekuwa umeuweka mji juu ya pambo badala ya kuuweka ndani yake. Barabara hiyo imebadilisha tabia ya miji ile kuliko jambo lolote tangu kambi. Gunia la maharage linafika mbali, na mpaka umesogea karibu. Hayo yanawezekana kusemwa kwa shaba, kwa jinsi kiungo kinavyolegea au kukaza, kwa uzito uliohama kutoka nyuma ya shingo kuja mbele. Kwa mchoro wa barabara hayasemeki.

Kazi ya karibu zaidi ninayoijua iliyofanya hivyo haikutoka Kigoma, ilitoka Nairobi. Ami Doshi Shah, Mkenya mwenye asili ya Kihindi anayefanya kazi kwa jina la I Am I, alionyesha London Februari 2019 mkusanyo alioupa jina la Chumvi ya Dunia, na baadaye kazi zake zikaonekana katika maonyesho ya mitindo ya Afrika yaliyofunguliwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mwaka 2022. Malighafi zake ni chumvi na shaba. Kwa sisi wa Kigoma kuvikuta viwili hivyo pamoja si jambo geni, kwa sababu chemchemi za chumvi za Uvinza, kusini mwa Kasulu, zimetumika kwa zaidi ya miaka 1,000, kama wachimbaji wa mambo ya kale walivyothibitisha katika miaka ya 1960, na chumvi hiyo ilipita njia zile zile ilizopita shaba, kwa mabega yale yale. Wajerumani nao walijenga kiwanda pale wakakiita Gottorp.

Nguvu ya kazi ya Shah imo katika uadui wa malighafi zake. Chumvi inakula shaba. Ukiziweka pamoja mwilini, penye joto na jasho, shaba inaanza kugeuka kijani na chumvi inaanza kupungua, na vyote viwili vinafanya hivyo kwa kasi ya mvaaji. Chumvi kwa wakati mmoja huhifadhi, hutibu na huharibu, na hapa sifa zote tatu zinaonekana bila mchoro hata mmoja. Haisimulii biashara, ila inafanya kile biashara ilichofanya: inaviunganisha vitu viwili na kuviacha vilane. Baada ya miaka michache hutakuwa na pambo lile ulilonunua. Mji pia hauko vile.

Nina pingamizi moja, nayo inahusu mahali kazi ilipokaa. Jumba la makumbusho, kwa wajibu wake, hudhibiti unyevu wa hewa. Ndani ya kabati la kioo chumvi haitoi jasho na shaba haigeuki kijani, na pambo lililoundwa lioze linalindwa lisioze. Uvinza kazi ilifuata majira: maji ya chemchemi yalichemshwa wakati wa kiangazi, na masika yalipokuja mto ulifurika, ukayachanganya maji ya chumvi na maji matamu, shughuli ikasimama. Ningependa kuona mkufu mmoja wa Shah ukivaliwa Kasulu kuanzia Novemba hadi Aprili, na mtu anayefanya kazi zake za kila siku, kisha upelekwe London pamoja na huo aliouonyesha, iwekwe sambamba bila maelezo ukutani.